Mwongozo kamili wa kuandika wasifu wa mke, mama na bibi aliyetangulia mbele ya haki

Katika misiba mingi ya Tanzania Bara, kabla ya salamu za rambirambi, mshereheshaji humwita mmoja wa wanafamilia asome historia ya marehemu. Karatasi inayosomwa huwa imeandikwa usiku uliotangulia, mara nyingi na kijana anayejua kutumia kompyuta, na yaliyomo hufanana kutoka msiba hadi msiba: marehemu alizaliwa, alipata elimu, aliolewa, alijaliwa watoto kadhaa, alianza kusumbuliwa na maradhi, akafariki hospitalini, ameacha mgane, watoto na wajukuu, alikuwa mcheshi, mkarimu na mcha Mungu. Hakuna uongo katika maelezo hayo, lakini ukibadilisha majina na tarehe yatamfaa mwanamke yeyote aliyezikwa wiki hiyo. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba maisha yake huanza siku aliyoolewa, na tangu hapo hufuata uhamisho wa kikazi wa mumewe, utadhani yeye hakuwa na shughuli ila kufunga mizigo.

Mwongozo huu ni kwa yule ambaye familia imemkabidhi kazi ya kuandika, awe mtoto, mkwe au mjukuu. Unachukulia kwamba marehemu alikuwa mtu mzima wa umri mkubwa, kwamba sehemu kubwa ya maisha yake haikuandikwa popote, na kwamba wanaoikumbuka wapo lakini wametawanyika. Kazi nzima ni kugeuza kumbukumbu zao kuwa maelezo ambayo mtu aliyemjua atamtambua hata jina lake likifutwa.

Hatua ya kwanza: tenganisheni maandishi mawili

Wasifu wa kusomwa msibani na kumbukumbu kamili ya maisha yake ni vitu viwili tofauti, na familia nyingi hukwama kwa kujaribu kuviunganisha. Wa msibani ni wa dakika tano au sita, yaani maneno kama 500 hadi 600 kwa msomaji asiyeharakisha, na hauna budi kuwa tayari kabla ya mazishi. Kumbukumbu kamili inaweza kufika kurasa 20 au 40 na inastahili kupewa miezi kadhaa. Siku inayofaa kuikamilisha ni ile ya misa au ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, au arobaini kwa familia inayoweza kwenda haraka.

Kwa Waislamu, ambao hujitahidi kuzika mapema, mara nyingi siku ileile, hakuna nafasi ya kusoma wasifu mrefu makaburini. Kilichozoeleka ni taarifa fupi, na wasifu wenyewe unaweza kusomwa baada ya hitma. Zipo familia zisizofanya arobaini kwa sababu za kidini, na mwandishi asianzishe mjadala huo kwa ajili ya karatasi yake. Maandishi yanaweza kukamilishwa na kugawiwa bila shughuli yoyote.

Hatua ya pili: kusanyeni habari kabla tanga halijaanuliwa

Msiba huwakutanisha watu ambao huenda wasikutane tena: dada zake waliobaki, wifi zake, waliosoma naye, majirani wa kijiji cha zamani, wanakwaya wenzake, mwanamke aliyekuwa akikopeshana naye mbegu. Wengi wao wataondoka mara tu tanga litakapoanuliwa, na baadhi ni wazee ambao familia itawafuata tena kwa ajili ya mazishi yao. Kwa hiyo mwandishi aiombe kamati ya mazishi impunguzie majukumu mengine, maana mtu anayekimbizana na turubai, viti na mafuta ya gari hawezi kukaa na bibi wa miaka 80 kwa utulivu. Akiwa mwanamume, apewe mwenzake wa kike, kwa sababu yapo mambo ambayo akina mama waliokaa ndani kwenye mikeka hawatamweleza mwanamume hata akiwa mjukuu wao wa kumtania.

Yatangulie maamkizi na pole, yafuate mazungumzo, na daftari na simu vitoke baadaye kwa ruhusa ya mwenyewe. Swali la kwamba mama alikuwa mtu wa namna gani huzaa jibu la msibani, nalo ni kwamba alikuwa mtu mzuri sana. Maswali yenye kuzaa habari ni yale ya mahali, vitu na kazi: mlikuwa mkichota maji wapi, nani alitangulia kuamka, shamba lake lilikuwa upande gani wa mto, alinunua nini alipouza mazao yake ya kwanza, alipokasirika alifanyaje, ni akina nani waliokuwa wakija kumwomba shauri na kwa mambo gani. Ni vizuri wazee wawili wa rika moja wakaketi pamoja, kwa mfano wifi na wifi, au mtu na mke mwenzake, kwa kuwa mmoja akikosea mwaka mwingine humrekebisha, na ubishi wao huwa na faida kuliko majibu yao. Mzee akinyamaza, asisaidiwe haraka kumalizia sentensi yake.

Simu ya kawaida inatosha kurekodi, ikiwekwa karibu na msemaji, mbali na jenereta na vipaza sauti vya kwaya. Mwanzoni mwa kila rekodi mwandishi ataje kwa sauti tarehe, mahali, jina la msemaji na uhusiano wake na marehemu, kwa sababu faili lenye namba tupu halitambuliki tena baada ya mwaka. Wajukuu walioko Muscat, London au Marekani ambao hawakuwahi mazishi waombwe ujumbe wa sauti, na kila mmoja apewe swali mahususi. Ukimwomba mtu kumbukumbu yoyote tu, atakutumia salamu za pole.

Mgane aongee peke yake, bila watoto kumzunguka. Yeye ndiye shahidi wa mke, na mke si yule mama ambaye watoto walimjua. Aulizwe walivyofahamiana, nani alikuwa mshenga, mahari ilipelekwa na nani, walianza maisha katika chumba gani, ni uamuzi gani wa nyumba ambao mkewe aliushikilia na baadaye ikaonekana alikuwa na haki. Mshenga akiwa hai, naye atafutwe. Barua ya posa mara nyingine bado imo katika sanduku la chuma chini ya kitanda, na inapopatikana huwa ndiyo karatasi ya thamani kuliko zote.

Hatua ya tatu: andikeni majina yake yote

Mwanamke wa kizazi hicho hukusanya majina maishani. Lipo alilopewa na wazazi, mara nyingi kwa lugha ya kabila na kwa kufuata tukio au ndugu wa ukoo. Lipo la ubatizo au la Kiislamu. Lipo la baba yake, na pengine la mumewe aliloandikishwa baada ya ndoa. Na lipo la mtoto wa kwanza, ambalo mtaa mzima ulimwitia kwa miaka 50 hata majirani wakashangaa kulisikia jina lake halisi siku ya mazishi. Orodhesheni yote na kuonyesha nani alimwita nini. Jina lililoandikwa kwenye cheti cha kifo liandikwe kwa herufi zilezile, kwa maana karatasi hizi baadaye huzunguka kwenye mambo ya mirathi, na tofauti ya majina kati ya nyaraka hudai kiapo na safari za bure.

Hatua ya nne: tafuteni miaka

Hapa ndipo wasifu nyingi hulala. Kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari au 1 Julai mara nyingi ni dalili kwamba siku yenyewe haikujulikana na mwandikishaji alijaza iliyomfaa. Kabla ya kuinakili, tafuteni ushahidi mwingine. Kwa Wakatoliki, daftari la ubatizo la parokia ni hazina: hurekodi majina ya wazazi na ya msimamizi, na pembeni huongezwa kipaimara na ndoa, hata kama zilifanyika parokia nyingine. Makanisa mengine nayo huwa na daftari zake. Kadi ya chama, kadi ya kliniki ya mtoto wa kwanza, cheti cha ndoa na risiti za chama cha ushirika nazo husaidia. Akisema mtu kwamba marehemu alimaliza darasa la nne, hilo lina maana yake: enzi za ukoloni darasa la nne lilikuwa kituo, na waliofaulu mtihani wake wakaendelea na shule ya kati hadi darasa la nane, ambalo liliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1960, shule ya msingi ikabaki ya miaka saba.

Pasipo karatasi, tumieni matukio ambayo kila mzee anayakumbuka, na mwulizeni marehemu alikuwa katika hali gani wakati huo: alikuwa ananyonya, amevunja ungo, ameolewa, ana mtoto mgongoni. Vita vya Hitla, kama wazee wanavyoviita, vilikuwa kati ya 1939 na 1945. Uhuru wa Tanganyika ni tarehe 9 Desemba 1961. Mapinduzi ya Zanzibar ni 12 Januari 1964 na Muungano ni 26 Aprili mwaka huohuo. Azimio la Arusha lilitangazwa 5 Februari 1967. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu walikusanyika vikundi kwa vikundi kusikiliza redio na kujadiliana. Akina mama wengi walijifunza kuandika majina yao katika miaka hiyo, na jambo hilo linastahili sentensi yake lenyewe. Mnamo Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na ifikapo mwisho wa 1976 wote wawe wamehamia. Kwa familia za vijijini huo ni mpaka unaogawa maisha kuwa ya kabla na ya baada. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979. Miaka ya mwanzo ya 1980 watu huikumbuka kwa foleni za sukari na sabuni na kwa unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano. Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki 12 Aprili 1984, meli ya MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996, mvua za El Nino zilikuwa 1997 na 1998, na Mwalimu alifariki 14 Oktoba 1999.

Mkishapata alama tatu au nne zinazokubaliana, andikeni mwaka. Zisipokubaliana, andikeni kwamba alizaliwa kati ya 1941 na 1944, wakati wa vita, kwa kadiri ya maelezo ya dada yake. Sentensi hiyo ina heshima zaidi kuliko tarehe kamili ya uongo, na mjukuu atakayetafuta ukoo wake miaka 50 ijayo atajua aanzie wapi.

Hatua ya tano: rudini kwao

Mazishi mengi hufanyika upande wa mume, na wasifu huandikwa na watoto ambao ukoo wao ni wa baba. Matokeo yake, miaka 18 au 20 ya kwanza hupewa mstari mmoja. Mwandishi awatafute wajomba na mama wadogo waliokaa upande wao wa uwanja, ambao mara nyingi hawaulizwi kitu zaidi ya kama wamekula. Wao ndio wanaojua alizaliwa wa ngapi, alilelewa na nani, kama alipelekwa kwa shangazi kulea watoto, nani alimkatiza shule na kwa sababu gani, alicheza ngoma gani, alichumbiwa na nani kabla. Hata kama ni lazima kupanda basi kwenda kijijini kwao baada ya msiba, safari hiyo ifanyike, na zipigwe picha za mti, kisima au kaburi la wazazi wake ikiwa vipo. Nathubutu kusema kwamba wasifu ambao haukufika kwao marehemu ni wasifu wa familia ya mumewe.

Hatua ya sita: elezeni kazi yake

Katika karatasi nyingi, baba huandikiwa vyeo na mama huandikiwa tabia. Mama huyu alifanya kazi. Alilima, aliuza vitumbua, alipika pombe ya mbege au komoni, alisuka ukili, alikuwa mkunga wa jadi, mhasibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) au wa UWT (Umoja wa Wanawake Tanzania) katika tawi lake. Kila kazi ielezwe alianza lini, alifundishwa na nani, alifanyia wapi, mtaji ulitoka wapi na fedha ilikwenda wapi.

Tazameni tofauti. Sentensi ya kwanza: marehemu alikuwa mchapakazi na mlezi mwema wa familia. Sentensi ya pili: kila alfajiri alikaanga maandazi na kuyapeleka shuleni kabla ya kengele ya kwanza, na ada za watoto watatu wa mwisho zilitoka katika ndoo ile. Ya kwanza inadai, ya pili inathibitisha, na wala haihitaji neno mchapakazi. Kanuni ya kutumia ni rahisi: kila sifa iliyoandikwa itafutiwe tendo, na tendo likipatikana sifa ifutwe. Kama hakuna anayeweza kutoa tendo, sifa hiyo pengine haikuwa yake.

Ubibi nao ni kazi. Wajukuu waulizwe walichofundishwa na bibi ambacho wazazi wao hawakuwafundisha, hadithi alizowatambia, chakula alichokuwa akiwafichia, adhabu aliyoitoa, na matusi yake ya utani, ambayo kila bibi huwa nayo na ambayo padri atayavumilia.

Hatua ya saba: kubalianeni juu ya mambo mazito

Watoto waliofariki watajwe kwa majina, kila mmoja, hata aliyeishi siku chache akapewa jina. Kuandika kwamba alijaliwa watoto kumi, na kwamba saba kati yao wako hai, ni kumnyima mama watatu aliowazaa na kuwazika. Watoto wa nje, ndoa ya kwanza na mke mwenza ni mambo ya kuamuliwa na wazee wa familia kabla ya kuandikwa. Rai yangu ni kwamba watoto wote aliowazaa au kuwalea watajwe, maana watakuwa wamesimama pale wakisikiliza. Ugonjwa unaweza kutajwa kwa neno moja au usitajwe kabisa, na isielezwe hali ya siku za mwisho kwa undani ambao yeye mwenyewe asingependa usikike. Mashamba, nyumba na madeni havina nafasi humu. Hayo ni ya kikao cha ukoo.

Hatua ya nane: picha, kanga na nyaraka

Picha za zamani zipigwe kwa simu kwenye mwanga wa dirishani, bila flashi, zikiwa zimetolewa kwenye fremu yenye kioo na kulazwa pasipo kupinda. Kama ipo steshenari yenye skana, ombeni nukta 600 kwa inchi. Picha iliyogandia kwenye albamu yenye nailoni isibanduliwe kwa nguvu, ipigwe ilivyo. Upande wa nyuma upigwe pia, kwa sababu ndipo penye muhuri wa studio na maandishi. Majina ya waliomo yaandikwe nyuma kwa penseli laini, kutoka kushoto kwenda kulia, wakati bado yupo anayewatambua. Vyeti vya zamani visitiwe laminesheni, ambayo haitoki tena bila kuchana karatasi. Viepusheni na hatari hiyo kwa kuviweka tu kwenye bahasha safi mahali pakavu.

Kabla nguo zake hazijagawiwa, kanga zitandazwe na kupigwa picha moja moja, jina la kanga likionekana. Waulizwe mabinti na wakwe zake kila moja ilinunuliwa lini, nani alipewa pacha yake, na ujumbe ulimlenga nani. Sura fupi ya kumbukumbu kamili inaweza kujengwa kwa kanga peke yake, na huwa ndiyo inayosomwa kwanza.

Hatua ya tisa: andikeni, someni, chapeni

Wasifu wa msibani ufuate mpangilio huu: majina na kuzaliwa, kwao na utoto, shule au unyago, ndoa, kazi, watoto, imani na utumishi, uzee, kifo. Aya ya kazi iwe ndefu kuliko zote. Orodha ya wanaobaki iwe fupi, kwa idadi ya watoto, wajukuu, vitukuu na vilembwe ikiwa wapo, maana kusoma majina 60 kwenye kipaza sauti huwachosha watu juani. Majina hayo yaingie kwenye kumbukumbu kamili, pamoja na mchoro wa ukoo unaoanzia kwa wazazi wake, si kwa wakwe zake.

Rasimu isomwe kwa sauti mbele ya watu wawili: mmoja wa kwao na mmoja wa upande wa mume. Msomaji wa siku yenyewe asiwe mtoto aliyemuuguza, ambaye huenda akashindwa katikati. Mjukuu mkubwa hufaa, na mtu wa pili asimame karibu na nakala mkononi. Karatasi ichapwe kwa herufi kubwa, ukubwa wa 14 au zaidi, na sentensi isikatike kati ya kurasa mbili.

Kumbukumbu kamili ikichapwa kama kijitabu cha karatasi za A4 zilizokunjwa katikati, idadi ya kurasa iwe inayogawanyika kwa nne, vinginevyo zitabaki kurasa tupu mahali pasipotarajiwa. Nakala moja iende kwao marehemu, moja kwa kila mtoto, moja kanisani au kwenye kikundi alichokitumikia. Sauti na picha zihifadhiwe sehemu mbili zaidi ya simu, kwa mfano kwenye flashi diski na kwenye barua pepe ya mwanafamilia mwingine, kwa kuwa kundi la WhatsApp la ukoo si ghala na hupunguza ubora wa picha.

Acheni kurasa mbili tupu mwishoni mwa kila nakala. Zitakapoanza kusomwa, shangazi fulani atasema kwamba mwaka si huo, au kwamba aliyemfundisha kusuka alikuwa mtu mwingine. Masahihisho hayo yaingizwe humo kwa kalamu, pamoja na jina la aliyeyatoa na tarehe.